Aliyeona Yasiyoonekana: Maisha ya Daktari Robert Koch



 Leo sileti maisha ya mtakatifu kama mlivyozoea. Ninayemleta hakutangazwa mtakatifu, sidhani kama atatangazwa, na hata Mkatoliki hakuwa. Ni daktari Mjerumani, Robert Koch, aliyefariki mwaka 1910. Nimemchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, tarehe 24 Machi ni Siku ya Kifua Kikuu Duniani, na tarehe hiyo iliwekwa kwa sababu ya jambo alilolifanya yeye. Ya pili ni aibu yangu mwenyewe, na naona nianze na hiyo.

Nikiwa kwenye mwaka wa kichungaji, katika parokia moja huku juu mlimani, tulikwenda na katekista pamoja na akina mama wa jumuiya kumsalimia kijana mmoja aliyekuwa anatumia dawa za kifua kikuu. Ni kijana wa umri wangu kabisa. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, njia ya kihambani imejaa tope, na mama yake alikuwa ametuandalia chai. Wenzangu wakaingia ndani. Mimi nikabaki mlangoni, nikajifanya natafuta mtandao kwenye simu. Chai nikaletewa nje. Nikashukuru, nikaiweka dirishani, sikuinywa. Tulipokuwa tunaaga nilichungulia ndani nikaona kikombe cha yule kijana kimefungwa uzi mwekundu kwenye mshikio, ili kisichanganyike na vikombe vingine. Aliniona nikikiangalia. Akatabasamu kidogo, akainamisha macho.

Jamani, nimesoma falsafa hadi nikapata shahada. Ukiniuliza utu wa mtu ni nini, naweza kukujazia daftari. Siku ile nilishindwa kuvuka kizingiti cha mlango.

Usiku huo nikaanza kusoma kuhusu ugonjwa wenyewe, ndipo nikakutana na Koch.

Chumba kidogo

Ili kumwelewa Koch, inabidi turudi nyuma kidogo. Mwaka 1665, kule London, Robert Hooke alikata kipande chembamba cha gome la mti, lile linalotengenezewa vizibo vya chupa, akakitazama kwa hadubini. Akaona vijumba vingi vimepangana kama sega la nyuki. Akaviita kwa jina lililotokana na neno la Kilatini cella, yaani chumba kidogo, neno lilelile linalotumika kwa chumba cha mtawa. Ndipo tukapata neno seli. Sisi tunaoishi seminarini tunakijua chumba cha namna hiyo: kitanda, meza, msalaba ukutani, basi. Lakini Hooke aliona kuta tu. Gome lilikuwa limekufa na vyumba vyake vilikuwa vitupu.

Miaka michache baadaye Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft huko Uholanzi, alitengeneza lenzi zake mwenyewe na kuona viumbe hai vidogo mno kwenye maji, na hata kwenye uchafu wa meno yake. Ikachukua zaidi ya miaka 150 watu kuelewa kwamba mambo haya mawili yanahusiana. Mwaka 1838 Matthias Schleiden alieleza kwamba mimea imejengwa kwa seli. Mwaka 1839 Theodor Schwann akaonyesha kwamba hata wanyama ni hivyohivyo. Huyu Schwann alikuwa Mkatoliki mwenye imani thabiti, na baadaye alifundisha katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain, Ubelgiji. Mwaka 1855 Rudolf Virchow akasisitiza kwamba kila seli hutoka kwenye seli nyingine iliyoitangulia.

Yaani mgomba ulioko nyuma ya nyumba yenu, ng'ombe aliyeko bandani, na wewe unayesoma hapa, wote mmejengwa kwa namna hiyo. Mwili wako una seli zinazokadiriwa kufika trilioni 30. Kila moja ina utando unaochagua nini kiingie na nini kitoke, ina utomvu ambamo kazi inafanyika, na karibu aina zote za seli zina kiini kinachohifadhi maagizo ya urithi. Seli ya msuli haifanani na seli ya jicho, lakini zinahitajiana. Ukisoma Mtume Paulo anavyowaandikia Wakorintho juu ya mwili na viungo vyake, utaona kwamba mfano wake unazidi kutupa mafundisho kadiri tunavyoujua mwili wenyewe.

Mtoto wa milima ya madini

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 huko Clausthal, mji wa machimbo kwenye milima ya Harz. Baba yake alifanya kazi ya usimamizi wa migodi, na nyumbani walikuwa watoto 13. Inasimuliwa kwamba alijifundisha kusoma kwa kutumia magazeti kabla hajaanza shule. Akasomea udaktari Göttingen, na mmoja wa walimu wake alikuwa Jakob Henle, ambaye aliwahi kufanya kazi pamoja na yule Schwann. Henle aliamini kwamba magonjwa ya kuambukiza yanaletwa na viumbe hai vidogo, ila hakuwa na ushahidi wa kutosha. Mwanafunzi wake ndiye aliyekuja kuupata.

Koch alihitimu mwaka 1866. Mwaka uliofuata akamwoa Emmy Fraatz, wakapata binti mmoja. Mwaka 1872 akapangiwa kazi ya daktari wa wilaya huko Wollstein, mji mdogo ambao leo uko Poland. Hapakuwa na maabara wala maktaba ya maana. Mchana alitibu wagonjwa. Muda uliobaki aliutumia kwenye kona ya chumba chake cha kutibia aliyoitenga kwa pazia, akiwa na hadubini, panya, na subira.

Eneo lile lilikuwa linasumbuliwa na kimeta, ugonjwa uleule ambao hata wafugaji wetu wa tambarare wanaujua. Wengine walikuwa wameshaona vijiti vidogo kwenye damu ya mifugo iliyokufa, lakini hakuna aliyejua kama vijiti hivyo ndivyo vinavyoua. Koch alikuza vijiti hivyo kwenye majimaji ya jicho la ng'ombe, akavitazama vikirefuka na kugawanyika. Akagundua pia kwamba mazingira yakiwa mabaya vinajigeuza mbegu ngumu zinazoweza kukaa ardhini kwa muda mrefu. Ndiyo maana malisho yaliweza kuua ng'ombe hata baada ya miaka. Mwaka 1876 akaenda Breslau kumwonyesha Profesa Ferdinand Cohn, na kazi yake ikachapishwa. Daktari wa kijijini akawa amethibitisha kwamba bakteria fulani mmoja ndiye chanzo cha ugonjwa fulani mmoja.

Tarehe 24 Machi

Mwaka 1880 aliitwa Berlin. Wakati huo kifua kikuu kilikuwa kinaua Ulaya kuliko tunavyoweza kufikiri. Koch mwenyewe alikadiria kwamba katika kila vifo saba, kimoja kilisababishwa nacho. Wengi waliona ni ugonjwa wa ukoo, au wa watu wenye mwili dhaifu. Hata kwetu hapa wapo wazee ambao bado wakisikia kikohozi kisichoisha wanamtafuta mchawi.

Bakteria wa kifua kikuu alikuwa amejificha vizuri. Ni seli moja tu, isiyo na kiini. Maagizo yake ya urithi yanaelea ndani ya utomvu. Ni mdogo kiasi kwamba ukipanga 300 hivi kwa mstari ndipo unakaribia milimita moja. Ukuta wake una mafuta mazito kama nta, kwa hiyo rangi za kawaida za maabara hazimwingii. Koch alijaribu rangi moja baada ya nyingine mpaka vijiti vya buluu vikajitokeza. Kisha ikabidi awakuze. Bakteria wengi hugawanyika haraka. Huyu huchukua karibu saa 20. Mtu mwingine angeona sahani haina kitu baada ya siku kadhaa angeimwaga. Koch alisubiri, na wiki ya pili vidoa vidogo vikaanza kuonekana.

Jioni ya tarehe 24 Machi 1882, mbele ya madaktari wa Berlin, alieleza aliyoyapata na kuwaonyesha vielelezo zaidi ya 200. Inasimuliwa kwamba alipomaliza ukumbi ulikaa kimya. Hapakuwa na la kupinga. Mwaka uliofuata alisafiri hadi Misri na kisha India, akathibitisha bakteria wa kipindupindu mapema mwaka 1884.

Lakini kumjua adui siyo kumshinda. Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu alikufa kwa kifua kikuu tarehe 30 Septemba 1897, akiwa na miaka 24, yaani miaka 15 baada ya ile jioni ya Berlin. Dawa ya kweli ilianza kupatikana katika miaka ya 1940.

Alipoanguka

Hapa ndipo maisha ya Koch yananigusa zaidi. Mwaka 1890 alitangaza kwamba amepata kitu kinachoweza kutibu kifua kikuu. Kilikuja kuitwa tuberculin, na mwanzoni hakusema kimetengenezwa kwa nini. Wagonjwa wakamiminika Berlin kwa maelfu. Ikaja kuonekana kwamba dawa haiponyi, na baadhi yao walizidiwa na kufa. Alikuwa ameharakisha kutangaza jambo ambalo hakulithibitisha kwa ule umakini uliompa jina. Baadaye kitu hichohicho kikapata kazi nyingine: kipimo cha ngozi cha kutambua maambukizi ya kifua kikuu, kinachotumika hadi leo. Nyumbani nako mambo yaliharibika. Mwaka 1893 ndoa yake na Emmy ilivunjwa, na akamwoa Hedwig Freiberg, binti aliyekuwa mdogo sana kwake.

Ndipo akaja kwetu. Mwaka 1897 alifika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Alichunguza malaria na magonjwa ya mifugo, na pia tauni iliyokuwa Kiziba, upande wa Bukoba. Kuna jambo moja aliloliandika ambalo kila Mtanzania angepaswa kulijua. Watu wa milima ya Usambara walikuwa wakisema kwamba mtu akishuka tambarare anaumwa na mbu kisha anapata homa, na homa yenyewe waliiita kwa jina hilohilo, mbu. Wakati wataalamu wa Ulaya walikuwa bado wanabishana, wazee wetu walikuwa na jibu. Mwaka huohuo, 1897, Ronald Ross aliona vimelea vya malaria ndani ya mbu huko India.

Mwaka 1905 Koch alirudi. Ni mwaka ambao vita vya Maji Maji vilianza kusini. Safari hii alichunguza homa ya papasi, wale wadudu wanaojificha kwenye vumbi la sakafu ya nyumba na kuuma usiku. Aligundua kwamba papasi huwarithisha bakteria watoto wake kupitia mayai. Mwisho wa mwaka huo akapewa Tuzo ya Nobel.

Mwaka 1906 akarudi tena, kwa ajili ya malale. Ugonjwa huu unaoenezwa na mbung'o ulikuwa unamaliza watu kando ya Ziwa Victoria. Inakadiriwa kwamba upande wa Uganda peke yake ulikuwa umeua zaidi ya watu laki mbili. Koch alipita Amani na Mwanza, kisha akaweka kambi kwenye visiwa vya Ssese. Wagonjwa wakaletwa kwa mitumbwi, wengine wakabebwa. Akawachoma sindano za atoxyl, dawa yenye sumu ya arseniki. Mwanzoni walionekana kupata nafuu. Baada ya muda ugonjwa ukarudi. Akaongeza dozi. Wagonjwa wakapata maumivu makali, wengine wakaanza kukimbia kambi, na zaidi ya 20 wakapofuka kabisa. Hapo ndipo akaacha dozi kubwa. Aliondoka mwaka 1907, na baada yake serikali ya kikoloni iliweka kambi za kuwatenga wagonjwa wa malale.

Nilipofika hapo niliacha kusoma kwa muda. Watu zaidi ya 20. Sijaona jina hata moja. Walikuja wakitafuta uzima, wakarudi wakiongozwa kwa fimbo. Na aliyewachoma sindano ndiye mtu aliyeona kile ambacho jicho la binadamu lilikuwa halijawahi kukiona.

Tuwe wa haki. Koch hakwenda Ssese kuua. Bila dawa, wale wagonjwa wangekufa, na yeye alikuwa mzee wa miaka zaidi ya 60 aliyekubali kukaa kwenye hema kando ya ziwa. Lakini maadili yetu hayaulizi nia peke yake. Kanisa linafundisha kwamba lengo jema haliihalalishi njia mbaya, na kwamba mtu hawezi kufanywa chombo cha kujaribia mambo. Ukimtazama mgonjwa ukaona vimelea tu, utahesabu vimelea vilivyopungua kwenye damu na kusema dawa inafanya kazi, wakati mwenye damu hiyo anakuambia haoni tena.

Koch alifariki kwa ugonjwa wa moyo huko Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910.

Kikombe chenye uzi

Sasa nirudi mlangoni. Ningeweza kumhukumu Koch nikalala vizuri, ila mimi kosa langu lilikuwa lilelile. Nilimtazama yule kijana nikaona bakteria.

Tena hata bakteria mwenyewe sikumjua vizuri. Kifua kikuu cha mapafu hakiambukizwi kwa kikombe wala sahani wala kushikana mikono. Kinasafiri hewani, mgonjwa ambaye hajatibiwa anapokohoa. Bakteria akiingia kwenye mapafu, seli za ulinzi za mwili humeza, lakini ule ukuta wake wa nta unamsaidia kuishi ndani ya seli iliyommeza. Watu wengi wanakaa naye maisha yote bila kuugua. Akiamka, tiba ipo. Moja ya dawa hizo huzuia bakteria asiujenge ukuta wake, nyingine huzuia seli yake kusoma maagizo yake ya urithi. Zinatumika kwa miezi kadhaa bila kuacha, kwa sababu anakua taratibu na anajua kusinzia. Mgonjwa akianza dawa sahihi, baada ya wiki chache kwa kawaida haambukizi tena. Na hapa Tanzania dawa hizo ni bure. Kwetu Kilimanjaro tuna hospitali ya Kibong'oto kule Siha, iliyoanza mwaka 1926 kwa ajili ya ugonjwa huu. Kwa hiyo ukikohoa wiki mbili, kapime. Usingoje, na usiende kwa mganga kwanza.

Baada ya wiki mbili nilirudi kihambani peke yangu. Kijana alikuwa amekaa nje anamenya ndizi. Aliniuliza kama leo kuna mtandao. Nikacheka, nikamwomba msamaha, nikaingia ndani. Mama akaleta chai, nikainywa. Nikamweleza mama kwamba ule uzi kwenye kikombe hauna kazi, kwani ugonjwa haupiti humo. Mama akanijibu kwa upole kwamba muuguzi alishamwambia tangu mwezi wa kwanza. Uzi aliuacha kwa ajili yetu wageni, maana bila kuuona hatunywi chai ya nyumba ile.

Sikuwa na la kusema. Nikaomba kikombe cha pili.

Vijana, kesho yake tu baada ya Siku ya Kifua Kikuu, tarehe 25 Machi, Kanisa huadhimisha Kupashwa Habari Bikira Maria. Tunasadiki kwamba siku ile Neno alitwaa mwili. Hakuanza akiwa mtu mzima, wala hakuanza kama mtoto wa kubebwa. Alikubali kuanza kama sisi, mdogo kiasi ambacho hakuna jicho lingeweza kumwona, kwenye chumba kidogo cha tumbo la mama. Mungu hakuona aibu kuingia humo. Mimi nilishindwa kuingia sebuleni kwa mtu.

Tujiulize

Katika jumuiya yangu, ni nani ambaye tumeacha kumtembelea kwa sababu ya ugonjwa wake? Je, nimewahi kumfanya mtu ajione mzigo kwa jinsi nilivyomtazama? Ninayoyajua, yananisogeza kwa watu au yananiweka mbali nao?

Tusali

Ee Bwana Yesu, uliyewagusa wakoma kabla hawajatakasika, uliyesimama njiani kwa ajili ya kipofu Bartimayo na kumwuliza anataka nini, utupe macho ya kuona yaliyofichika, na moyo wa kumwona mwenye mwili huo. Wapokee wale wa Ssese tusiowajua majina. Uwarehemu wote waliotafuta tiba wakakosea. Uwaponye wanaokohoa usiku huu, na utuvushe vizingiti vyetu. Amina.

Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, utuombee.

Ni mimi frateri wenu, kutoka Moshi. Tuombeane.